Kitunga ya Mayai ya Mama Kashindi

Albertville, ku kambi ya batu ba gari la moshi

Sofia ndugu yangu, mutoto wa mama,

Nakusalimia weye wa kwanza, kisha nakusalimia tena, juu najua umesimama na barua hii mukononi na roho yako inapiga mbio. Mi pia niko hivyo nikipewa barua. Keti chini. Hapa kwetu hakuna mugonjwa, hakuna maiti. Bwana wangu, Baba Zawadi, iko muzima, mukono yake yenye kuumia ku kazi imepona, anabeba tena na kugombana tena, basi ujue iko muzima kabisa.

Nasalimia mama yetu. Magoti yake inasema nini mu hii mvua? Ile mafuta nilimutumia, anapakaa, ao ameificha chini ya kitanda pamoja na kitambaa yake ya kuzikiwa? Umwambie mafuta haiziki muntu, apakae. Nasalimia kaka yetu Anselmi na kikohozi yake, na bibi yake mwenye kuvumilia ile kikohozi usiku. Nasalimia shemeji yangu Yakobo bwana wako, na bwato yake. Tulisikia hapa ndagala zimekuwa chache mu ziwa upande wa Baraka, nikasema moyoni, Yakobo atakuwa amenuna, maskini Sofia. Nasalimia batoto wako wote, mukubwa wa kwenda masomoni, na wenye kufuatana, na ule kitinda mimba wa kulia sawa mbuzi. Nasalimia shangazi yetu wa Swima kama akipita kwenu. Nasalimia Mama Asha, jirani wa ng'ambo ya mufereji, na bwana wake, na ile kundi lote la batoto wao. Umwambie nimekumbuka mikate yake ya mafuta ya Idi, hapa hakuna mwenye kuipika vile.

Nasalimia na kuku zenu. Usicheke. Nitasema juu yao mbele, ngoja.

Na wa mwisho ni weye Zawadi, mutoto wangu, mwenye kuketi kwa mama mudogo, kumusomea barua hii na kumuandikia zake. Umekonda ao umenona? Unavaa ile sweta asubuhi? Soma pole pole, usiruke neno, hata lile utakaloona haya kulisoma. Na funga mulango. Kama katekista iko anapita-pita njiani, ngoja apite, uanze tena. Maneno yangu ikiingia ku masikio yake asubuhi, inafika Nundu mbele ya jua kulala.

Sofia, maisha ya hapa ni kupanga mustari. Mustari ya maji, mustari ya unga, mustari ya ku muganga. Nyumba ya kambi ni ndogo, jirani akipiga chafya unamuambia pole bila kutoka kitandani. Nauza mikate ku mulango ya kambi asubuhi wakati banaume banaingia kazini, na mchana nashona kidogo. Hapa kuko batu wa kila kabila, na kila kabila na pua yake juu ya chungu ya mwenzake. Jirani yangu wa kuume ni mwanamuke wa upande wa Kasai. Juzi nimemuona anamega yai ya kuchemsha, anakula, mutoto mumoja mugongoni, mwingine mu tumbo, mwingine anamuvuta nguo. Nikamuuliza, mama, unakula ile kitu na tumbo hii? Akaniangalia sawa muntu mwenye kuulizwa kama anakunywa maji. Akasema, "Mama Zawadi, mi nimezaa mpaka nimechoka. Kama yai inafunga, nipe kitunga muzima."

Nikacheka. Kisha nikaingia nyumbani na machozi ikatoka, juu nilimukumbuka dada yetu Apolina.

Ule ule siku barua yako ikafika. Nimesoma habari ya kumaliza matanga ya Apolina, kwamba kaka Anselmi amesema ifanyike mwezi ukiwa mupya, ni vizuri. Nimesoma kwamba batu wa Swima, wenye kuposa Zawadi, banarudi nyuma, juu bamesikia mutoto amekula mayai ku masomo ya Apolina na banasema tumbo yake imekwisha fungwa. Kisha nikafika pale umeandika kwamba Mama Kashindi ametuma muntu kutoka Nundu, anasema anakuja ku matanga, anataka kuketi ku mukeka ya bakwe, na kula chakula ya marehemu, juu Apolina alikuwa "mukamwana wake mupendwa".

Mupendwa. Bugali yangu iliungua juu ya moto na sikusikia harufu.

Zawadi, soma vizuri hapa. Weye ulikuwa mudogo, hujui yote, na nataka ujue mama mudogo wako Apolina alikuwa nani, si vile banavyosema ku kisima.

Apolina alikuwa katikati yetu, mi mukubwa, yeye, kisha mama mudogo wako Sofia. Bamasera, batawa wa misioni, balimuchukua akiwa musichana, bakamufundisha kushona, kupima mutoto, kupika bila kuunguza, kufua na pasi ya makaa bila kuchoma kola. Akarudi mwalimu wa kazi ya nyumba. Wakati ule ku Baraka watu bakacheka. Mwalimu wa kufundisha bamama kupika? Mama yetu mwenyewe alisema, "Nilifikiri Wazungu bako na akili. Banalipa muntu afundishe samaki kuogelea."

Lakini muangalie alivyofundisha. Mi sikusoma, baba alisema mutoto wa kwanza mwanamuke ni mukono ya mama. Apolina akirudi mangaribi kutoka masomoni ananikuta napepeta unga ya muhogo. Anachukua lungo, anatandaza unga, anaandika na kidole. A. Mi nafuata na kidole yangu. Kisha anatikisa lungo, herufi inapotea, tunaandika ingine. Unga yetu yote ya miezi ile ilipita mu herufi mbele ya kupita mu chungu. Mama alikuwa anasema bugali ina ladha ya masomo. Hata leo nikiandika, kidole yangu ndogo inatafuta unga. Kila neno hapa, hata ile mbaya nitaandika chini, ni yeye alinipa.

Na yeye njo alileta yai.

Unakumbuka, Sofia? Kwetu mwanamuke hakukula yai wala kuku. Tulifuga, tulikamata, tulinyonyoa, tulipika, banaume bakakula. Mwanamuke akila yai, tumbo inafunga sawa yai yenyewe, haina mulango. Hivyo tulikuta, hivyo tukashika. Sasa Apolina ku masomo anasimama anasema, bamama, mwenye mimba akule yai, mutoto mwenye kukonda apewe yai. Bamama banaitikia vizuri, "Ndiyo mwalimu." Banajifunza kuitia mu maji kuona kama ni nzima, mbovu inaelea, nzima inazama. Banajifunza kukaanga na kitunguu na nyanya, kuchemsha, kuchanganya na mboga ya lengalenga. Banakuwa mafundi. Na hakuna hata mumoja anatia mu kinywa.

Basi nani alionja chumvi? Mulinzi wa masomo, muzee Petro. Kila somo la yai, bamama banamuita ku dirisha, "Baba Petro, kuja onja." Anaonja sahani ya ule, anaonja ya huyu, anasema zote ni tamu sana, bamama muzidishe tu chumvi kidogo. Banazidisha. Anaonja tena. Muzee alinona mpaka mukaba yake ikahitaji tundu mupya. Siku moja Masera mukubwa alionja mwenyewe, akatema, ilikuwa chumvi tupu. Bakamuuliza Petro, kwa nini hukusema? Akajibu, "Masera, kama ningesema inatosha, bangeacha kuniita."

Apolina alicheka siku ile mpaka akaketi chini. Lakini mangaribi aliniambia, "Dada, ninafundisha mulinzi kula. Nisipokula mi mwenyewe, nadanganya." Alikuwa ameolewa na Kashindi wa Nundu, arusi yao bado ilikuwa mupya, balikuwa bado banaketi Baraka, mbele ya kuhamia Nundu kwa mama ya Kashindi. Kesho yake, mbele ya bamama wote, akamenya yai, akatia chumvi, akakula yote, akapangusa kinywa. Mumoja akatoka mbio. Alikuwa wa Nundu.

Mama Kashindi akaja mangaribi. Nilikuwapo, nilikuwa nimeenda kumupelekea Apolina kitambaa. Hakupiga kelele. Aliketi, akaomba maji, akakunywa, kisha akasema, "Mwalimu, banasema leo ulisahau wewe ni mwanamuke."

Apolina akasema, "Sikusahau, mama. Mama Asha wa Baraka anakula mayai tangu utoto wake, na batoto wake banajaza bwato."

"Tumbo ya Muislamu ni ingine."

"Ni ingine namna gani, mama?"

"Hata kusali banasali chini. Tumbo yao inajua njia yake."

Tukamuangalia Kashindi. Alikuwa anashona wavu yake, hakuinua macho.

Akangoja, ule mama. Mi nasema alikuwa anangoja kwa furaha. Mwezi ukipita anapita jikoni kuuliza, "Bado?" Mvua ikipita anauliza, "Bado?" Mwaka ukapita, na mwingine. Akaita kikao cha familia. Akasema mbele ya bakwe na bajirani kwamba mwanawe hatakufa bila mutoto juu ya muntu mwenye kuchagua sahani kuliko ukoo. Na Kashindi, Zawadi, sikia, Kashindi alijua. Kashindi alikuwa na mwanamuke mbele ya Apolina, kule juu Fizi, na yule hakushika mimba, na alipoolewa kwingine akazaa mbio mbio. Nundu hapakuwa na mwenye kujua ile. Apolina alijua, juu Kashindi alimuambia mwenyewe usiku akilia. Apolina angeweza kusema mu kikao. Alinyamaza, alingoja bwana wake aseme. Bwana wake akaangalia vidole ya miguu yake.

Kwa ule kunyamaza, Kashindi, kama barua hii ingekufikia, ningekutukana hapa na herufi kubwa.

Bakamurudisha. Si Kashindi, mama yake njo alimurudisha, kwa miguu, kwa njia ya kando ya ziwa, ili kila kijiji kione. Apolina na vyungu yake kichwani, Mama Kashindi mbele na kitunga, na banaume wa ukoo yake nyuma. Tulikuwa tunaanika ndagala, Sofia, unakumbuka, mikono yetu ilikuwa na harufu. Akafika mu kiwanja yetu, hakuketi. Akamuwekea mama yetu kitunga chini. Ndani ni mayai, mupya, imepangwa vizuri mu majani makavu.

Akasema, "Nawarudishia mutoto wenu. Na hawa njo batoto aliozaa kwangu. Mulee."

Banaume bake bakacheka. Kisha bakaenda.

Nimeishi na kicheko ile mu sikio. Nikipanga mustari ya maji hapa Albertville, naisikia.

Mama yetu alitaka kumwaga kitunga mu ziwa. Apolina akamushika mukono. Akaleta beseni ya maji, akatia mayai moja moja, ikazama yote, nzima. Akasema, "Mama, hii mayai haina kosa." Akaenda kuiweka chini ya ile kuku yako mwekundu, Sofia, iliyokuwa inaatamia. Bibi ya Anselmi akamuuliza, unafanya nini? Akajibu, "Si alisema tulee?"

Ikatotoa. Vifaranga ikakua, ikataga, ikatotoa tena. Kuku zenu zote za leo, zile nimesalimia pale juu, mwanzo yao ni kitunga ile. Hata jogoo yenu asiyejua saa ya kuwika. Ni ya ukoo ya Nundu, njo maana haijui adabu.

Na Apolina akarudi ku masomo. Bamama fulani balitoa basichana wao, ni kweli, bakasema mwalimu tumbo kavu atakausha na wengine. Yeye akafundisha wale waliobaki. Akashonea batoto wa batu wengine nguo za ubatizo. Mwenye kuzaa usiku alikuwa anaitwa yeye, na wale wenye kumutukana mchana njo walikuwa wa kwanza kumuita. Mapacha wa bibi ya Anselmi balikuwa banakufa kwa kukonda, ni nani alibapa yai imepondwa na uji, kwa kijiko, kwa siri, mpaka bakaanza kugombana? Leo bako wanaume. Bibi ya Anselmi, kama unasikia barua hii, najua unalia. Lia, lakini usikilize kazi yako chini.

Kashindi akapewa bibi mwingine, musichana wa milimani, mama yake alimuchagua yeye mwenyewe, akauliza mpaka bibi ya babu yake kama kuna mwenye kugusa yai. Hakuna. Wala kuku, wala hata kupita karibu ya kiota. Leo miaka imepita mingi na ule musichana hana kitu, Sofia. Mikono mitupu. Nasikia anasimama mulangoni jioni akiangalia batoto wa batu wengine. Yeye simuchukii, ni mutego ule ule, nyama ingine.

Kisha homa ikachukua Apolina mu masika, na mi niko hapa, nikapata habari udongo umekauka. Mukaniandikia Mama Kashindi alikuja kulia kuliko wote, akajipaka majivu, akajitupa chini. Nilifikiri ni haya. Sasa naelewa ni woga. Anafikiri Apolina njo amefunga nyumba yake kutoka mu kaburi. Anataka kuja kula chakula yake, ili marehemu amuachilie, apate mujukuu. Njo maana anataka ule mukeka. Yule mama hatafuti Apolina. Anatafuta tumbo ya mukamwana wa pili.

Basi aje.

Nimesema aje, Sofia. Usimutumie neno la kumukataza. Umujibu na maneno laini, "Mama, karibu, mukeka yako iko." Umutandikie ule muzuri, ule wa bibi muzaa mama. Umunawishe mikono na maji ya moto kidogo. Batu wa Swima muwaite pia, bakae upande wa mbele, pale banaona kila sahani.

Na chakula ya siku ile ikuwe mayai.

Kwa wote. Si kwake tu, angesema tunamutukana. Mayai kwa bakwe, kwa bajirani, kwa banaume, kwa bamama. Bugali na mayai, na lengalenga na mayai. Nyama hapana, samaki hapana, Yakobo apumuzike siku ile. Mayai ya kuku zenu, zile za kitunga. Anza leo kuyakusanya, weka mu baridi nyuma ya mutungi, na kila moja uipime mu maji sawa alivyofundisha, nisisikie moja ilikuwa mbovu. Ita bamama wote waliofundishwa naye, najua batakuja, banadaiwa na moyo yao. Wao njo bapike, bibi ya Anselmi mbele yao. Kitunguu ikaangwe mpaka nyekundu, si nyeusi. Chumvi sawa ya muntu, si ya muzee Petro.

Kisha bakule wa kwanza. Wao wote, mbele ya batu, na batoto wao mugongoni. Mama Asha aketi karibu ya Mama Kashindi, na mikate yake, na batoto wake wote nyuma yake sawa kanisa.

Kisha weye Sofia mwenyewe ubebe sahani yake. Usiinue sauti. Usimukumbushe kitu. Umuambie tu hivi, "Mama, chakula ya Apolina." Na usimame pale.

Unajua desturi yetu. Ku siku ya kumaliza matanga, mwenye kukataa chakula ya marehemu iko na neno na marehemu, na anarudi kwake na neno lake, hafunguliwi. Hawezi kusema tumbo inauma. Hawezi kusema nilishiba njiani. Ametembea kutoka Nundu kutafuta kile chakula. Akila, amekula yai mbele ya kila mulomo wa Baraka, na muzee sawa yeye hawezi tena kusema yai ni kosa, na kitunga aliyotuletea inakuwa nini? Inakuwa uongo wake peke yake. Asipokula, batu wa Swima batauliza kwa nini, na kaka Anselmi, na kikohozi yake, asimame aulize kwa adabu, "Mama, mukamwana wako wa sasa alikula mayai ngapi?" Basi. Hilo tu. Asiongeze. Kaka anapenda kuongeza, umukanyage muguu.

Njia zote mbili, Zawadi yangu anatoka safi. Nimepindua neno hii mu kichwa usiku na mchana, naogopa kama kuna shimo sikuona. Kama unaliona, uniandikie. Mutoto wangu asirudishwe na kitunga. Heri nife.

Mama yetu atasema, tumuachie Mungu. Najua, nasikia sauti yake kutoka hapa. Umwambie, mama, Mungu nimemuachia mambo mingi sana, na sijamusumbua. Hii moja namuomba aniachie mimi. Na Padri atasema tusamehe. Umwambie ndiyo Padri, dada yangu atasamehe, ameandika mwenyewe. Nitamusamehe Mama Kashindi kabisa, na moyo mweupe. Akisha kumeza.

Sasa neno la weye na mimi. Najua Sofia hujawahi kuweka yai mu kinywa. Na mi bado. Apolina alituomba mara ngapi, tukacheka, tukasema, sisi tumekwisha kuzaa, tutafute nini tena. Siku ile huwezi kubeba sahani na kumuambia muzee akule kitu weye mwenyewe unaogopa. Ukule mbele yake. Funga macho kama ni lazima. Hapa, siku ile ile, asubuhi, jirani yangu wa Kasai atanichemushia moja, nimekwisha kumuomba, akanicheka. Nitatia chumvi nikule, nikiangalia upande wenu. Baba Zawadi amesema, "Na ukifa?" Nikamujibu, utajua yai ilikuwa mbovu, hukuitia mu maji.

Nimechoka kuandika, kidole inauma, na mafuta ya taa inaisha. Musalimie mama tena, mama yetu mwenye kuzaa basichana watatu na kubaki na wawili. Musalimie kaka mukubwa, mwenye kusimama pahali pa baba. Musalimie bibi yake, mama wa mapacha. Musalimie shemeji wangu mwenye bwato. Musalimie jirani wa ng'ambo ya mufereji. Na kama batu wa Swima bakipita kabla ya siku, uwasalimie kwa heshima, kwa jina langu, mama ya musichana. Zawadi, mutoto wangu, funika miguu usiku. Kisha kusoma, barua hii uitie mu moto ya jikoni, si mu takataka.

Mi ni dada yako mukubwa, Veronika, mama ya Zawadi.

Sofia, masuwa ya kwanza kutoka Baraka kisha matanga, iwe na jibu yako ndani. Usiandike salamu, usiandike habari ya mvua, nitakusamehe. Andika neno moja tu mbio mbio, nilikute mukononi nikiwa nimesimama: alikula, ao hakukula. Na kama alikula, uniambie alitafuna namna gani.